Mwaka wa Matembezi ya Mwalimu Nakato

Mpakani Mutukula, kijana aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka aliifungua hati yangu ya kusafiria, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza, "Mama, unakwenda kazini au matembezini?" Nikamjibu ninakwenda mazikoni. Akanipa pole, tena pole ya kweli, halafu akasema kwamba kwenye mashine yake mazishi hayamo. Kuna kazi na kuna matembezi, nichague moja. Damu ilinipanda kichwani. Nimekalia kiti cha basi mpaka magoti yamevimba, mbele yangu kuna msiba, na bado naulizwa swali lile lile lililonitesa nikiwa msichana, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, huko kwetu Usambara. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na kijana wa watu hakunikosea kitu. Nikasema, "Andika matembezi, mwanangu." Akagonga muhuri nikavuka, nikiwa nimedanganya kama alivyodanganya yule niliyekuwa nakwenda kumzika.

Aliyefariki ni Mwalimu Nakato. Habari niliipata kwa binti yake, Sanyu, ambaye nilikuwa sijamtia machoni. Aliikuta namba yangu kwenye simu ya mama yake, kwa sababu sisi wawili tulisalimiana kila Idi na kila Krismasi, salamu fupi fupi za wazee. Baada ya kunieleza ugonjwa na siku ya maziko, Sanyu akasema kwa Kiingereza kizuri nilichokitambua mara moja kimetoka wapi: "Shangazi, nikuulize jambo. Mama hakupenda kuuzungumzia mwaka aliokaa kwenu. Bibi aliyenilea alikuwa akiniambia, mama yako amekwenda kutembea Tanzania. Nami nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuota meno. Alitembea nini mwaka mzima?" Nikafungua kinywa nimweleze, mtandao ukakatika. Nikapiga, haukushika. Nikapiga tena, dada wa kwenye simu akaniambia kwa sauti yake ile tamu kwamba salio langu halitoshi. Nikaona hii si habari ya simu. Nikafunga mkoba.

Ya ukoo wangu nayaacha, hayana jipya. Nianzie pale nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri majibu, nikachukuliwa kuwa karani katika sekondari mpya iliyojengwa na wazazi kwenye mgongo wa mlima juu ya Soni. Ulikuwa ule wakati ambapo kila kitu ni ruksa. Maduka ya Soni yaliyokuwa na rafu tupu na picha ya kiongozi ukutani yalikuwa yamejaa vitenge, redio na sabuni za kunukia. Mitumba ilimwagwa chini siku ya gulio. Na kila mzazi, hata yule ambaye nyumbani kwake hakisemwi ila Kishambaa, alikuwa akitaka mwanawe ajue Kiingereza. Wazazi walifyatua matofali wenyewe, wakachoma wenyewe, wakaezeka. Wakapata mkuu wa shule, Mwalimu Shedafa, mtu mwema mwenye kupenda sana njia za mkato. Waliyemkosa ni mwalimu wa Kiingereza. Wenye vyeti walipanda kutoka Mombo, wakaona ukungu, wakasikia baridi, wakauliza basi la kurudi ni saa ngapi. Kidato cha nne cha kwanza kilikuwa na mtihani mwaka ule ule, na masomo yote yaliulizwa kwa Kiingereza. Wakianguka wale, basi yale matofali yangebaki kuwa banda la kuku.

Mkuu akampata Nakato kupitia ndugu yake aliyefundisha Dar es Salaam, kwenye moja ya zile shule za kulipia zilizokuwa zikifunguliwa kila mtaa na kujaa walimu wa Kiganda. Alifika na sanduku la bati na mwavuli. Alikuwa na kama miaka thelathini, mrefu, mwenye sauti ya kuitikia kwaya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Sote wawili tulipangishwa kwa Mama Rukia, mjane aliyeuza kabichi na karoti gulioni Soni, katika chumba kilichopakana na jiko. Vitanda viwili, katikati tumetundika kanga, na moshi wa kuni ukipenya juu ya ukuta kana kwamba nao umelipa kodi. Nakato alipika ndizi kwa kuzifunga kwenye majani, akaziivisha kwa mvuke tangu asubuhi, kisha akazikandakanda zikiwa bado ndani ya majani. Mama Rukia alisimama mlangoni akitazama, mikono kiunoni. "Saumu, hebu muulize mwenzio, ndizi imekosa nini hata iteswe hivyo?" Alipoionja, akaongeza sahani. Na kilichommaliza kabisa ni salamu. Nakato kila akikutana na mkubwa alipiga magoti chini, kwenye tope, kwenye umande, popote, kama walivyo wanawake wa kwao. Sisi wa milimani kwa shikamoo ni watu wagumu, mtoto akiisahau anaweza kukosa chakula, lakini magoti hatukuwa tumeona. "Huyu amelelewa," akatangaza Mama Rukia, na akitangaza yeye gulio zima limetangaziwa.

Siku ya tatu akampa jembe. Watu wengi huimba ile methali tu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Rukia aliifuata kama sheria. Alimkabidhi jembe lenye mpini mpya na kipande cha shamba nyuma ya nyumba, na Nakato akakipokea kwa magoti. Nami niliona aibu, mwalimu wa watu anapewa jembe. Lakini alfajiri, kabla ya kengele, alikuwa akipalilia maharage yake na huku akiimba, halafu ananawa miguu na kwenda kufundisha. Darasani alikuwa mkali. Hakutaka mtu azungumze amekaa. "Simama. Kichwa juu. Anayenong'ona ana kitu alichoiba," ndivyo alivyosema kila siku. Mimi nilikuwa nakaa nyuma kwa kisingizio cha kuhesabu madaftari. Kiingereza nilikuwa nacho kichwani, mdomoni hakikufika. Miaka yote shuleni sikuwahi kukisema zaidi ya kujibu ndiyo na hapana. Yeye akaweka amri kwamba chakula cha jioni kinaliwa kwa Kiingereza mpaka sufuria iwe tupu. Nililala na njaa mara kadhaa. Kisha ulimi ukafunguka, nikawa sinyamazi, Mama Rukia akawa anatupigia ukuta tuache kelele.

Na hapo ndipo uchungu wangu unapoanza, kwa sababu mtu huyu, kwa mujibu wa karatasi zake, hakuwa akifanya kazi yoyote. Aliingia nchini kwa pasi ya matembezi. Mkuu alikuwa amemwambia kibali cha kazi kitafuata, jambo dogo hilo, na mimi karani ndiye niliyetumwa kulifuata jambo dogo. Nilishuka mlima kwenda mjini mpaka makondakta wakanijua jina. Mara ya kwanza picha zilikuwa na kivuli. Mara ya pili picha nzuri, cheti cha chuo hakikuthibitishwa na kwao. Kikathibitishwa; mkubwa wa kutia sahihi yuko semina. Akarudi kutoka semina; faili haionekani. Ikaonekana, sasa picha zimepitwa na wakati. Nilikaa kwenye lile benchi la mbao nikitazama mlango wenye kitasa kilichokatika, nikiwasikia mabwana wale ndani wakibishana kuhusu mpira, na kila mlango ulipofunguliwa nikasimama, na kila niliposimama nikaambiwa, "Kaa, dada, bado." Mpaka leo nikiona benchi la ofisini mgongo unaniuma.

Mwishowe wakatoa sharti kubwa: shule ithibitishe kwamba kazi ilitangazwa na hakupatikana raia wa kuifanya. Mkuu alifurahi. Alikuwa ameitangaza! Ilitangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili baada ya matoleo, na gulioni mtu alipiga mbiu kati ya viazi na mitumba. Na mwombaji alipatikana mmoja, mzee aliyewahi kumpikia mlowezi zamani, ambaye Kiingereza chake chote kilihusu mayai. Nikayapeleka maelezo hayo mjini kwa uaminifu. Bwana aliyenipokea aliyasoma, akawaita wenzake waje wacheke nao. Tangazo ni la gazetini, akasema, gazeti la nchi nzima, kisha msubiri. Hasira niliyopanda nayo mlima siku ile ningeweza kuchomea matofali ya madarasa mengine mawili.

Wakati huo huo ile pasi ya matembezi ilikuwa ikiisha kila baada ya miezi michache, na dawa yake ilikuwa Horohoro. Tulishuka Mombo, tukaenda Tanga, tukaenda mpakani. Nakato akavuka upande wa Kenya, akanywa soda, akarudi na muhuri mpya. Safari ya mwisho afisa wa pale aliipekua pasi ukurasa kwa ukurasa. "Mama, wewe unapenda kutembea," akasema. Nakato akapiga magoti kumsalimia, pale sakafuni, mbele ya madereva wa malori. Yule bwana akaona haya, akagonga. Lakini alipoturudishia pasi alinong'ona kwangu, "Mwambie mwenyeji wenu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku moja watakuja kuifuata hiyo kamba." Njiani Nakato alitoa picha ya mtoto wake, aliyemwacha kwa mama yake mzazi, akaitazama mpaka Muheza. "Nikipata kibali nitamleta," akaniambia. "Bila kibali nitamleta kama nani? Mtalii mwenye meno mawili?"

Mkuu, nilipompa ule ujumbe, akaitisha wazazi. Walikutana sebuleni kwa Mama Rukia, na sisi tulikuwa upande wa pili wa ukuta, Nakato akimenya ndizi, mimi nikimtafsiria kwa sauti ya chini. "Jamani," alisema Mkuu, "akija mtu kuuliza, huyu ni mgeni wa Saumu. Amekuja kutembea. Basi. Hafanyi kazi." Sauti ya mzee mmoja ikauliza, "Mghoshi, bwana wetu, anatembea tangu masika? Kwao hawamtafuti?" Mwingine akasema, "Tuseme anaumwa." Mama Rukia akaguna. "Mtu mzima, mzima wa afya, nimseme kwamba anakula na kulala tu kwangu? Watu watanielewaje mimi?" Mkuu akamsihi, akasihi tena, mpaka akaitikia, ila kwa sauti ya mtu aliyemeza kidonge bila maji. Nakato aliacha kumenya. "Wanasema nini sasa?" akaniuliza. Nikamwambia wamekubali kwamba hafanyi kazi. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

Afisa wa uhamiaji alikuja siku ya gulio, kavaa shati la kawaida, mpole, mwenye salamu zake zote kamili. Huko Soni aliuliza tu anapokaa mgeni wa Kiganda, na Mama Rukia mwenyewe, kwa ukarimu, akawaachia watu kabichi zake na kumpandisha mlima hadi uani kwetu. Mkuu aliitwa akaja mbio. Nakato alikuwa anatoka darasani, mikono ina chaki mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti kumwamkia kijana yule. Tukakaa kwenye vigoda. Majirani wakaja kusimama kwenye ua wa miti, maana kwetu mgeni akija anakuja kwa wote. Afisa akamgeukia Mama Rukia, akauliza kwa heshima, "Mama, nasikia huyu ni mgeni anayetembea tu hapa." Mama Rukia akatazama chini, akasema, "Ee." Yangeishia hapo. Lakini yule bwana, wala hakuwa na hila, akaongeza, "Kwa hiyo kutwa nzima anashinda tu? Anakula, analala?"

Nilimwona Mama Rukia akivuta pumzi. Nikajua tumekwisha. "Nani anakula na kulala? Nyumbani kwangu?" Akasimama. "Baba, mimi sifugi wavivu. Huyu siku ya tatu nilimpa jembe. Njoo uone maharage yake! Alfajiri yuko shambani, kengele ikilia yuko darasani, jioni yuko na madaftari mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Huyu anafanya kazi kuliko wanaume wa kijiji hiki!" Mkuu akakohoa, akakohoa tena, akawa kama ana kifua kikuu. Bure. Mwanamke mmoja akadakia kutoka uani kwamba mwanawe aliyekuwa bubu kwa Kiingereza sasa anaota kwa Kiingereza. Mwingine akasema hajakosa darasa hata siku ya mvua. Mzee yule aliyetaka aumwe akaapa kwamba hajapata kuugua hata mafua. Kila mmoja alikuwa anamtetea! Ndivyo watu wetu wanavyojua kumtetea mtu, hawana namna nyingine. Na kila neno jema lilikuwa msumari. Nilitamani kuwaziba vinywa mmoja mmoja.

Afisa aliandika kidogo, akasema, "Basi, Mkuu, kazi ipo. Sasa niambie kwa nini isifanywe na raia." Mkuu akajifuta jasho. "Hakuna raia, bwana. Mlima wote huu hakuna." Afisa akanielekezea kalamu. "Na binti huyu?" "Huyu? Huyu karani tu, Kiingereza hajui." Yule bwana akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani na nafanya nini hapa. Nikaona mlango umefunguka. Nikatazama vidole vya miguu, nikaanza kugugumia, nikavurugavuruga maneno, nikanong'ona. Nilikuwa naendelea vizuri sana kuwa mjinga.

"Saumu!" Sauti ilipiga ua mzima. Nakato alikuwa amesimama. "Simama. Kichwa juu. Mtu anakuuliza, unanong'ona kama umeiba? Anza upya." Nilimtazama, nikamsihi kwa macho yangu yote, anielewe. Alinielewa. Naapa alinielewa, kwa sababu midomo ilimtetemeka. Lakini hakukaa. Miaka mingi baadaye nilimwuliza katika zile salamu za Idi, akanijibu kwamba kuna mambo mawili hakuyaweza maishani, kuogelea na kumtazama mwanafunzi wake akijifanya mjinga. Basi nikasimama. Nikasema jina langu. Nikasema shule hii imejengwa na nani, na kwamba nilikuja hapa na lugha imekufa kinywani, na mama huyu ameifufua kwa ndizi na ukali. Nikamwomba afisa amwache amalize mwaka, watoto wana mtihani, naye ana mwanawe anayetaka kumleta. Nililia huku nasema, na Kiingereza hakikuyumba. Nilimtetea kwa lugha aliyonipa yeye, na kadiri nilivyosema vizuri ndivyo nilivyozidi kumfukuza. Nilijua, na sikuweza tena kusema vibaya. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu. "Mkuu," akasema kwa upole, "mwalimu wenu huyu hapa."

Nakato alipewa muda mfupi wa kuondoka, na onyo kwamba akitaka kurudi siku yoyote asiseme popote kwamba aliwahi kufanya kazi hapa. Mama Rukia hakula siku mbili. Alikuwa bado haelewi kosa ni nini. "Nimemsifu," alirudia kuniambia. "Saumu, si nilimsifu?" Asubuhi ya safari Nakato alimletea jembe, kwa magoti. Mama Rukia akarudi nyuma. "Jembe halirudishwi. Sijakufukuza mimi." Akaling'oa mpini mwenyewe kwa kuligonga kwenye kizingiti, akalifunga lile bamba la chuma kwenye kanga na kulitia ndani ya sanduku la bati. Nami nikaingia kidato cha nne nikiwa na miaka kumi na tisa, nikawaambia wasimame, vichwa juu. Walifaulu vya kutosha shule isiwe banda la kuku. Nimefundisha Kiingereza mpaka nimestaafu, na hakuna siku niliyoingia darasani nisione kwamba nimekalia kiti cha mtu.

Mazishi yalikuwa kwenye shamba la migomba la ukoo wao, waombolezaji wamekaa kwenye mikeka, na wanawake wakinisalimia kwa magoti mpaka nikakosa pa kuweka macho. Kaka wa marehemu alisoma wasifu. Alikuwa ameutoa kwenye karatasi zake, mwaka baada ya mwaka, shule alizofundisha, darasa hadi darasa. Akafika pale. "Mwaka uliofuata," akasoma, "marehemu alikuwa Tanzania kwa matembezi." Akageuza karatasi. Sanyu, kwenye mkeka wa mbele, alitazama chini. Ana uso wa mama yake, na nikauona unavyokunjamana, uso wa mtoto aliyeachwa ili mtu akatembee.

Sikuombwa kusema. Nilisimama. Nikanyoosha mgongo unaouma, nikainua kichwa, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika migombani, kwamba nimetoka Usambara na kwamba hilo si kweli. Nikasema maneno ya Mama Rukia, ambaye naye yuko ardhini sasa, neno kwa neno kadiri nilivyoweza: alfajiri yuko shambani, kengele ikilia yuko darasani, alifanya kazi kuliko wanaume wa kijiji. Hakuwa mgeni. Mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu yeye alipewa jembe. Safari hii hapakuwa na wa kukohoa. Nilipokaa, Sanyu aliinuka bila kumtazama mtu, akaingia jiko la mama yake. Alirudi na kipande cha jembe kisicho na mpini, kimelika mpaka kimebaki kama kiganja, akaniwekea mapajani.

"Hakuruhusu litupwe," akasema. "Ndilo hili?"

"Ndilo," nikamwambia.